Binti yetu aandike nini kuhusu rangi yake?

Shangazi, shikamoo.

Nasoma majibu yako siku nyingi, na leo limenifika mwenyewe. Mimi na mume wangu ni watu wa Tanga. Yeye alishinda bahati nasibu ya viza, ile ya grinikadi, tukaja tukiwa maharusi na kuweka makazi hapa Columbus, Ohio. Watoto wetu wote wamezaliwa hapa. Baba yao anaendesha lori la masafa marefu, anaondoka Jumapili anarudi Ijumaa. Mimi nahudumia wazee kwenye kituo, shifti ya usiku.

Binti yetu mkubwa yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, shule ya serikali ya hapa mtaani, na anaomba vyuo vikuu. Ana akili na bidii, na sisemi hivyo kwa kuwa ni wangu. Alipokuwa mdogo walimweka mwaka mzima kwenye darasa la watoto wanaojifunza Kiingereza, eti kwa sababu kwenye fomu tuliandika kwamba nyumbani tunazungumza Kiswahili. Mtoto aliyezaliwa Columbus! Baba yake aliacha safari ya kazi, akaenda kukaa kwenye ofisi yao mpaka wakamtoa. Alikuta wenzake wameshamtangulia kwenye hisabati, akawafuata mpaka akawapita. Siku hizi Wakongo wa jengo letu wanagonga mlango wangu wakimtafuta yeye: barua ya umeme, barua ya bima, fomu za shule za watoto wao. Anawasomea, anawajazia, anawapigia simu. Kiswahili chake cha Tanga na chao cha Bukavu wanakutana katikati, wanaelewana.

Sasa tatizo. Mwalimu mshauri wa shuleni alimwambia hivi: Mahakama ya Juu imekataza vyuo kuangalia rangi ya mwombaji, lakini insha bado inasomwa. Kwa hiyo aandike kuhusu kuwa mweusi Marekani, na aandike maumivu. Binti akaandika. Alichoandika ni habari ya baba yake kusimamishwa na polisi usiku barabara kuu ya Indiana, akakalishwa chini kwenye baridi huku lori linapekuliwa. Ni kweli ilitokea. Lakini yeye hakuwepo, aliisikia mezani tukizungumza.

Baba yake akaisoma Ijumaa hiyo, viatu hajavua. Akasema, "Hii ni habari yangu, sikumpa mtu ruhusa ya kuiuza." Hapo ningemwelewa. Lakini akaendelea: mtoto wake hataingia chuo kwa kubebwa, asiweke hata tiki kwenye kisanduku cha rangi, maana wale weusi wa hapa ndio waliozoea kubebwa, sisi tulikuja kufanya kazi. Binti akamjibu, "Baba, mimi ndio wale. Huko nje hakuna anayeniuliza kama natoka Tanga." Tangu siku hiyo baba akipiga simu akiwa safarini, binti anaitikia "naam baba" na "sawa baba", basi.

Halafu kuna mwenzangu kazini, dada Mmarekani mweusi. Mama yangu alipofariki, yeye ndiye aliyezungusha bahasha ya rambirambi kazi nzima, na alikaa na mimi sebuleni usiku kucha. Mwanawe naye anaomba vyuo mwaka huu. Juzi wakati wa kula aliniambia bila hasira, "Nafasi zile zilipiganiwa na bibi zangu, wakaja kuingia watoto wenu. Sasa zimefutwa, na wangu ndiye aliyebaki nje." Nilikosa jibu. Siku hizi nakula chakula changu kwenye gari.

Na shuleni, mwanafunzi mwenzake mzungu kamwambia binti yangu, "Wewe huna haja ya kuhangaika, utaingia tu." Alirudi nyumbani analia.

Shangazi, aweke tiki au asiweke? Insha aipeleke? Na hawa watu wangu wawili, mume na mwenzangu, nawaambia nini?

Mama wa binti, Columbus, Ohio

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa yote, na hongera kwa huyo binti.

Nianze na kisanduku, maana ndilo jambo jepesi na lisiwanyime usingizi. Swali la rangi kwenye fomu za maombi ni la hiari. Tangu Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi tarehe 29 Juni 2023, katika kesi dhidi ya Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina, afisa udahili haruhusiwi kumpa mwombaji nafasi kwa sababu ya jibu la kisanduku hicho. Fomu ya pamoja inayotumiwa na mamia ya vyuo inaviruhusu kulificha jibu hilo kabisa, msomaji wa maombi asilione. Linabaki kwenye takwimu. Kwa hiyo akiweka tiki habebwi na mtu, na asipoweka hajajitakasa na chochote. Ushauri wangu ni aweke, kwa sababu ni kweli. Serikali ya Marekani inamhesabu kuwa mweusi mtu yeyote mwenye asili ya watu weusi wa Afrika, na Tanga iko Afrika. Baba yake akitaka kupigana, asipiganie hapo.

Insha ndiyo yenye uzito. Mwalimu mshauri kasema nusu ya kweli. Jaji Mkuu John Roberts, aliyeandika uamuzi wa wengi, alisema wazi kwamba hakuna kinachokizuia chuo kuzingatia maelezo ya mwombaji kuhusu namna rangi ilivyoyagusa maisha yake, iwe kwa ubaguzi, kwa kumtia moyo au kwa njia nyingine. Akaweka sharti: maelezo hayo yafungamane na ujasiri, uwezo au moyo wa mwombaji huyo mwenyewe. Apimwe kwa yaliyompata na aliyoyafanya, si kwa kundi lake. Hapa ndipo insha ya binti yako inapoanguka. Aliyekalishwa chini kwenye baridi ni baba yake. Msomaji akimaliza atakuwa amemjua dereva wa lori na uvumilivu wake, na msichana anayeomba chuo hajamwona.

Na mume wako ana haki. Mwanaume aliyevuliwa heshima mbele ya magari yanayopita akaja kuisimulia nyumbani kwake, aliisimulia kwa watu wake. Binti amwombe radhi kwa hilo moja, kwa adabu ya mtoto kwa mzazi, na aitoe hiyo habari kwenye insha yake. Akitaka kuirudisha siku nyingine, aombe ruhusa kwanza.

Lakini nimesoma barua yako mara ya pili nikaiona insha yenyewe imelala humohumo. Msichana aliyezaliwa Columbus akafundishwa Kiingereza mwaka mzima kana kwamba ameshuka kwenye ndege jana, akarudi darasani amechelewa hisabati, akawapita. Msichana huyohuyo leo anakaa mezani na mama wa Kikongo, bili ya umeme katikati, anatafuta neno la Kiswahili la "tozo ya kuchelewa" ambalo Bukavu na Tanga watalielewa wote. Hilo ni lake, hakulisikia kwa mtu. Rangi imo ndani yake, ugeni umo, lugha imo, na halimdhalilishi mtu yeyote. Aandike mama mmoja tu aliyegonga mlango, siku moja, barua moja, na kilichofuata. Maneno 650 ndiyo mwisho wa insha kuu kwenye ile fomu ya pamoja, hayatoshi kueleza Marekani nzima. Na asimtaje huyo mama kwa jina.

Kuna jambo linaniuma katika ushauri wa "andika maumivu", na nalisikia kwa watoto wengi wa jamaa zetu walioko huko. Vijana wa miaka 17 wanaambiwa wapekue maisha yao watafute jeraha la kumwonyesha mtu wasiyemjua, na asiyekuwa nalo anaazima la baba yake. Mahakama haikusema hivyo. Kutiwa moyo nako kumetajwa. Mtoto aliyelelewa kwa furaha kwenye nyumba ya Waswahili ana la kuandika.

Sasa mumeo na hilo neno "kubebwa". Hapa sikubaliani naye hata kidogo, na ningependa umsomee sehemu hii akiwa amekula na kupumzika.

Bahati nasibu ya viza iliyowaleta ninyi Marekani haikuwa mashindano ya nani mchapakazi zaidi. Iliwekwa na sheria ya uhamiaji ya mwaka 1990, ikatenga viza zisizozidi 55,000 kwa mwaka kwa watu wa nchi zenye wahamiaji wachache Marekani. Mtu aliyezaliwa India au Mexico alikuwa haruhusiwi hata kushiriki, awe daktari, awe mhandisi, kwa kuwa nchi yake ilikuwa imeshapeleka wengi. Mtanzania aliruhusiwa. Mumeo alipewa nafasi kwa kuangaliwa alikotoka, ili Marekani iwe na watu wa kila pembe. Sheria ilimfungulia mlango, kazi akaifanya yeye mwenyewe usiku na mchana, na hakuna anayeweza kumwambia kwamba grinikadi yake si halali. Basi na yule msichana mweusi wa Detroit aliyeingia Chuo Kikuu cha Michigan miaka ile, mlango ulifunguliwa na mitihani akaifanya mwenyewe. Hakuna profesa aliyemwongezea alama kwenye kemia kwa sababu ya rangi.

Tena sheria zilizobagua wahamiaji kwa nchi walizotoka, zilizowabana sana Waafrika na Waasia tangu 1924, zilifutwa mwaka 1965. Mwaka mmoja kabla yake ilikuwa imepita Sheria ya Haki za Raia. Bunge halikuamka asubuhi moja likawapenda wageni. Wamarekani weusi walikuwa wamepigwa virungu na kung'atwa na mbwa wa polisi huko Birmingham mpaka taifa likaona aibu ya kupanga watu kwa asili zao. Mumeo asimseme vibaya mtu ambaye damu yake imo kwenye karatasi zake za kuingilia nchi.

Nafahamu anachokiogopa. Anaogopa jasho la binti yake lisionekane. Na hofu hiyo haikosi msingi, kwani mtoto mwenzake kashamwambia "utaingia tu". Tuliangalie basi kwa hesabu. Mwaka wa kwanza wa udahili baada ya uamuzi ule, wanafunzi weusi katika darasa jipya la MIT, chuo maarufu cha teknolojia, walishuka mpaka asilimia 5, kutoka wastani wa asilimia 13 miaka iliyotangulia. Chuo cha Amherst wakashuka kutoka asilimia 11 hadi 3. Harvard kutoka 18 hadi 14, na mwaka uliofuata wakashuka tena. Yale na Princeton hazikuyumba sana mwaka ule wa kwanza. Hiyo ndiyo hali, na wala haifanani na ya mtu wa "kuingia tu".

Kama kuna waliobebwa, wachumi waliozichambua takwimu za kesi ya Harvard walikuta hivi: katika wazungu waliodahiliwa pale, zaidi ya asilimia 43 walikuwa wanamichezo walioitwa na makocha, au watoto wa waliosoma hapohapo, au watoto wa watumishi wa chuo, au majina yaliyowekwa kwenye orodha maalumu ya mkuu wa udahili, wakiwemo wenye uhusiano na wafadhili. Karibu robo tatu ya hao, kwa makadirio yao, wangekataliwa kama wangeomba kama watu wengine. Hakuna anayewasimamisha hao kwenye korido ya shule kuwauliza kama wanastahili. Majimbo kadhaa yameanza kupiga marufuku upendeleo wa watoto wa waliosoma hapo zamani, Colorado mwaka 2021 kwa vyuo vyake vya umma, kisha Virginia, Maryland na California mwaka 2024. Ni mwanzo mzuri, na ningependa liongezwe kasi.

Hata hivyo, siwezi kujifanya kwamba upande ule mwingine haukuwa na hoja. Walioibeba kesi ya Harvard walizungumzia vijana wa Kimarekani wenye asili ya Asia, ambao alama zao za masomo zilikuwa juu, lakini kwenye kipengele cha haiba, cha kupima kama mtu ni mchangamfu, anapendeka, ana ujasiri, walipewa alama za chini kuliko wengine. Jaji wa kwanza, mwaka 2019, aliona hakuna ubaguzi wa makusudi. Mimi ningekuwa mama wa Kivietinamu ninayeuza dukani ili mwanangu asome, nikasikia haiba ya mwanangu imepewa alama za chini na watu wasiowahi kukutana naye, ningeumia sana, na ningetaka kesi. Kosa lao hao maafisa lingeweza kurekebishwa. Badala yake mahakama ikaiondoa sera nzima ya kuangalia rangi na kuwaacha watoto wa wafadhili mahali pao. Jaji Ketanji Brown Jackson aliandika katika upinzani wake kwamba kuitangaza rangi kuwa si kitu kwenye sheria hakuifanyi isiwe kitu kwenye maisha. Nakubaliana naye. Binti yako alimwambia baba yake jambo hilohilo, viatu vya mzee vikiwa bado mguuni.

Nimefika kwa mwenzako wa kazini, na kwake nataka nikae zaidi, kwa sababu ndiye uliyemkimbia.

Alichokuambia ni kweli, na kimesemwa na wasomi wakubwa kabla yake. Mwaka 2004, Lani Guinier na Henry Louis Gates, wote maprofesa weusi wa Harvard, walisema hadharani kwamba wengi wa wanafunzi weusi wa shahada ya kwanza pale, pengine hata theluthi mbili, walikuwa wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi na Afrika, au watoto wao, na kwa sehemu ndogo watoto wa ndoa za mchanganyiko. Wajukuu wa watu waliofanywa watumwa Marekani yenyewe, ambao babu zao wote wanne wamezaliwa pale chini ya ubaguzi, walikuwa wachache. Vyuo vilihesabu ngozi, vikajipongeza. Kutafuta mtoto wa daktari wa Kinigeria aliyesoma shule nzuri kulikuwa rahisi kuliko kwenda kumtafuta kijana wa Cleveland ambaye shule yake haina mwalimu wa fizikia. Hapo vyuo vilikosea, na waliolipa ni watu kama mwanawe.

Wasiwasi huo una mizizi kwenye sheria yenyewe. Sera ilipoanza miaka ya 1960, sababu iliyotolewa ilikuwa kulipa na kurekebisha: watu hawa walizuiwa kwa karne nyingi, wafunguliwe. Ilipofika kesi ya Bakke mwaka 1978, kuhusu shule ya udaktari ya Davis, California, iliyotenga nafasi 16 kati ya 100, mahakama ilikataza kutenga nafasi. Ikaruhusu rangi iangaliwe kama jambo moja kati ya mengi, kwa sababu darasa lenye watu mchanganyiko linafundisha vizuri zaidi. Ukisema "mchanganyiko", mtoto wa Tanga anatosha. Ukisema "kulipa", deni ni la mtoto wa mwenzako. Naamini sababu ya kwanza ndiyo iliyokuwa ya haki zaidi, na kuiacha ndiko kulikoidhoofisha sera yote mpaka ikaanguka.

Kwa hiyo rudi kwenye chumba cha kulia chakula. Usimpelekee hoja. Mwambie, "Ulichosema siku ile ni kweli, nilikosa neno." Hilo tu litakurudishia dada yako.

Ukipata nafasi umsimulie na hili, maana wengi wa rika letu wamelisahau. Septemba 1959 ndege iliondoka Nairobi na wanafunzi 81 kwenda vyuo vya Marekani, mpango wa Tom Mboya. Mpaka mwaka 1963 walikuwa wamekwenda karibu 800, wengi Wakenya, na wa Tanganyika na Uganda wakiwemo. Kabla familia ya Kennedy haijatoa dola 100,000 mwaka 1960, barua za kuwaombea nauli zilitiwa saini na Jackie Robinson wa besiboli, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier, wote weusi. Wakati huo mtu mweusi katika majimbo ya Kusini alikuwa haruhusiwi kukaa kwenye kaunta ya mgahawa akanywa kahawa. Watu hao ndio waliochangia tusome sisi. Wangari Maathai alikwenda Kansas kwa mpango huo.

Na hata huko nyuma zaidi, tena jirani yenu. Chuo cha Wilberforce kiko Ohio hiyohiyo, mwendo wa saa moja na kidogo kwa gari kutoka Columbus. Kilianzishwa mwaka 1856, na kwa miaka mingi kimekuwa cha kanisa la Wamarekani weusi la A.M.E. Charlotte Maxeke wa Afrika Kusini alipata shahada yake hapo, na Hastings Banda wa Malawi alisoma hapo pia. Pembeni yake kiko Central State, cha serikali ya jimbo. Siku moja ambayo wewe na mwenzako mko nje ya zamu, wapakieni hao vijana wawili mwende mkavione. Wasiweke orodha ya vyuo vyenye majina tu. Howard, Spelman, Morehouse na vingine vya weusi havikuguswa na uamuzi ule kama vilivyoguswa vile vikubwa, na mtoto aliyechoka kuambiwa "utaingia tu" anaweza kupumua huko miaka minne.

Mwisho ni pesa, ambazo hukuniuliza. Nimekaa na wazazi wengi wanaogombania insha mpaka usiku wa manane huku FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa kulipia chuo, haijaguswa. Ijazeni mapema, baba na mama pamoja, kwa karatasi za kodi za kweli. Msikitazame chuo kwa bei iliyoandikwa. Sheria ya nchi inakitaka kila chuo kinachopokea msaada wa serikali kuu kwa wanafunzi kiweke kikokotoo kwenye tovuti yake kinachokadiria familia ya kipato chenu italipa kiasi gani. Kuanzia mwaka wa masomo 2025/26, Harvard haidai ada ya masomo kwa familia yenye kipato cha dola 200,000 kwa mwaka au pungufu, na chini ya 100,000 inalipia pia malazi na chakula. MIT wamefanya vivyo hivyo kwenye ada. Kuna familia inayokimbia chuo cha namna hiyo kwa kuogopa bei, ikaenda kukopa kwa chuo kisicho na msaada. Kama ada ya kutuma maombi ni mzigo, mwalimu mshauri anaweza kumwombea msamaha wa ada hiyo. Mwambie mwenzako na yeye amwombee mwanawe.

Binti asitie chumvi popote kwenye fomu hizo. Mwaka 2025 serikali ya Trump imevitaka vyuo vitoe takwimu za waombaji wao kwa rangi na kwa alama, kwa hiyo maofisa wa udahili wanasoma kila kitu kwa tahadhari zaidi kuliko zamani.

Ijumaa hii baba akirudi, binti amkaribishe, amwombe radhi ya ile habari ya Indiana, kisha amsomee rasimu mpya kwa sauti. Usikae katikati yao, ingia jikoni. Mzee atasikia mwenyewe kwamba aliyekwenda kukaa ofisini mpaka mtoto akatolewa kwenye lile darasa yumo ndani ya hadithi, na safari hii yumo kwa mambo aliyoyatenda. Akitaka kurekebisha sentensi, amruhusu. Majibu ya vyuo vingi vikubwa hutoka mwishoni mwa mwezi wa tatu, na mwisho wa kuthibitisha ni tarehe 1 Mei. Barua za msaada wa ada zikifika, zitandazeni mezani zote kwa pamoja kabla hamjasema ndiyo kwa chuo chochote, na kama kuna hesabu hamwielewi, nipigie picha unitumie.